Ambrosi Mabruki Songoro, Mkadiriaji wa Karafuu Aliyetoa Namba Mbili

Padri, wazee wetu, majirani wa Kikwajuni, mliofanya kazi na marehemu, na ninyi nyote mliotoka mjini na mashamba mkafika hapa Mbweni leo Alhamisi, tarehe 16 Machi 1972, familia inaomba mtuvumilie, kwa sababu historia hii imekuwa ndefu kuliko ilivyo desturi. Tangu juzi maneno yamekuwa mengi juu ya karatasi iliyotiwa sahihi hospitali, nani aliitia, kwa nini aliitia, na kama marehemu angeachwa alivyo angekuwa hai mpaka leo, na familia imeona afadhali jambo lisomwe lote mara moja mbele ya jeneza, kila mtu akisikia, kuliko kuzungumzwa vipande vipande mabarazani. Karatasi hiyo haieleweki bila ya kujua marehemu alikuwa mtu wa namna gani katika kazi yake, kwa hiyo tutaanza mwanzo.

Marehemu Ambrosi Mabruki Songoro alizaliwa Jumatano tarehe 11 Machi 1925 hapa hapa Mbweni, akiwa mtoto wa pili wa Mabruki Songoro, aliyekuwa mwashi, na Bi Sichana, aliyekuwa akifua nguo za misheni, na aliyemtangulia kuzaliwa ni dada yake Modesta, ambaye yupo nasi hapa. Alibatizwa katika kanisa hili, akasoma shule ya misheni mpaka 1938, kisha akaendelea na sekondari mjini, akamaliza mwezi wa Disemba 1943, na cheti chake kilionesha alama za juu katika hesabu na za chini katika kuimba. Kuanzia Januari 1945 alifundisha hesabu, kwanza Makunduchi, kisha mjini, kwa miaka kumi na moja, na wapo hapa waliopigwa rula ya vidole na yeye kwa kuandika jibu bila ya kuonesha njia.

Jumamosi tarehe 16 Septemba 1950 alifunga ndoa na Felista Farajallah katika kanisa la Mkunazini, wakapata watoto watatu, Longini aliyezaliwa 1952, Hilda aliyezaliwa 1955, na Tekla aliyezaliwa 1961. Mwaka 1953 walihamia Kikwajuni katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi, ambamo Felista aliweka cherehani na kushona sare za shule, na cherehani hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba katika miaka ambayo tutaieleza.

Mwezi wa Februari 1956 aliacha ualimu, akaajiriwa kuwa mkadiriaji katika ofisi iliyokuwa ikishughulikia makadirio ya mazao. Kazi ya mkadiriaji, kwa wasioijua, ni kwenda shamba miezi miwili mitatu kabla ya msimu, kuchagua miti bila ya upendeleo, kuhesabu vishada kwenye matawi manne ya kila mti, mawili ya upande wa jua na mawili ya upande wa kivuli, kulinganisha na majedwali ya miaka iliyopita, kisha kusema karafuu zitakuwa frasila ngapi, ili ijulikane wachumaji wangapi wapelekwe, kambi ngapi zijengwe, na chakula kiasi gani kitangulie. Kwa miaka minane alitoa namba moja kila msimu kama wenzake wote, mara nyingine ikakaribia, mara nyingine ikaenda mbali, na hakuna aliyekosa usingizi kwa hilo.

Mambo yalibadilika msimu wa 1964. Baada ya Mapinduzi mashamba mengi yalibaki bila ya watu waliozoea kuyapalilia, mengine yakawa yanangoja kugawiwa, wachumaji wa zamani wakawa hawaji tena, na marehemu alipokaa mezani na majedwali yake ya miaka thelathini aliona kwamba zile ni hesabu za watu wengine na za mashamba mengine, ingawa miti ilikuwa ile ile. Mkewe anakumbuka jinsi alivyorudi siku hiyo, akala, kisha akasema ametakiwa aseme ukanda wake wa mashamba utatoa frasila ngapi, na kwamba angeweza kuandika elfu tano, au elfu nane, au elfu kumi, na moyo wake usingeona tofauti. Kesho yake alinunua daftari la shule la kurasa themanini, na humo ndani akajitengenezea njia nyingine.

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Badala ya kujiuliza karafuu zitakuwa ngapi, alijiuliza ni mabadilishano gani angeyakubali. Mtu akimwambia, nitakupa pishi mbili za mchele karafuu zikipita frasila elfu tatu, na wewe unipe pishi mbili zisipofika, je, atakubali? Akikubali aliandika, akapanda mpaka elfu nne, akajiuliza tena, na mahali ambapo moyo ulisita alisimama. Kisha alianza upya kutoka juu, akijiuliza kama angekubali kupokea pishi mbili zisipofika elfu kumi na tatu na kutoa mbili zikipita, akashuka hivyo hivyo mpaka moyo ukasita tena. Pale aliposita mara ya kwanza na pale aliposita mara ya pili hapakuwa mahali pamoja, na nafasi iliyobaki katikati, ambayo hangekubali kuweka mchele wake upande wowote, ndiyo aliyoiita kutojua kwake, akaipima kwa uangalifu ule ule ambao wengine wanapimia wanachokijua. Mwaka wa mvua za kawaida na miti iliyotunzwa nafasi hiyo ilikuwa nyembamba, mwaka wa mashaka ilikuwa pana, na mwisho wa ukurasa aliandika namba mbili, ya chini na ya juu, akazipeleka ofisini zote mbili.

Mwenzake wa kazi, Bwana Machano, mtu wa Tumbatu, ambaye kwa miaka kumi na sita alifika nyumbani Kikwajuni karibu kila jioni, hakulipenda daftari hilo. "Bwana Ambrosi, hii kamari," alimwambia, "na mimi na kamari mbalimbali." Marehemu akamjibu kwamba hakuna mchele unaotoka wala unaoingia, ni maswali tu, na Machano akasema, "Ndivyo wanavyoanza wote."

Jioni moja ya mwaka 1965 walikuwa barazani pamoja na Jaku, muuza maandazi wa mtaani, ambaye alikuwa na hakika na kila jambo. Jaku alisema mvua kesho ipo, haina mjadala, atatoa maandazi matatu isiponyesha na apewe mawili ikinyesha, na marehemu akaandika. Wakaingia mazungumzo mengine, mawingu yakatawanyika jua likaonekana, Machano akasema jua la namna hii halileti mvua, na Jaku, ambaye alikuwa mwepesi wa kushika neno la mwisho aliloambiwa, akasema basi atatoa matatu ikinyesha na apewe mawili isiponyesha. Marehemu akamgeuzia daftari. "Hebu zisome zote mbili pamoja," alimwambia. "Inyeshe, isinyeshe, unatoa andazi moja." Jaku alisoma, akarudia kusoma, akauliza, "Sasa mie nauza maandazi au natoa sadaka?" Machano alicheka mpaka akashika nguzo, na Felista naye alicheka kule ndani kwenye cherehani, na inafaa kulisema hilo hapa, kwa sababu baada ya mwaka ule kicheko kilikuwa haba ndani ya nyumba ile.

Marehemu alikuwa na masharti mawili tu, kwamba mtu asikubali mabadilishano ambayo yakiwekwa pamoja yatamtia hasara kwa vyovyote, na kwamba pale asipojua ana haki ya kukataa pande zote mbili bila ya kuona aibu. La kwanza watu walilielewa, hata Jaku. La pili ndilo lililomharibia maisha.

Mwaka 1966 ofisi ilipata mkuu mpya, Ndugu Mkadam, mtu mwenye bidii na haraka, ambaye alitakiwa na walio juu yake apeleke namba moja kwa kila ukanda, na yeye akataka namba moja kwa kila mkadiriaji. Msimu wa kwanza alivumilia. Msimu wa 1967 marehemu alimletea karatasi ya ukanda wake iliyosema si chini ya frasila elfu nne, si zaidi ya elfu kumi na moja, na Ndugu Mkadam akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake. "Ndugu Ambrosi," alisema, "wananchi wanataka kujua watachuma ngapi, wewe unawaletea uwanja wa mpira. Elfu nne mpaka elfu kumi na moja, hata mke wangu angesema." Marehemu akajibu kwamba kama mke wa Ndugu Mkadam amekwenda shamba kuhesabu vishada, basi ana haki ya kusema hivyo, watu wakacheka, na kicheko hicho hakikumsaidia kitu. Mara tatu aliambiwa alete namba moja, mara tatu alirudisha karatasi ile ile, na mara ya tatu aliambiwa kwamba ikifika Jumamosi bila ya namba asirudi ofisini.

Linalofuata limeandikwa kwa sababu Bwana Machano mwenyewe alifika jana kwa Felista na kutaka liandikwe, naye yupo hapa anasikia. Ijumaa ile Machano aliogopa kwamba rafiki yake atafukuzwa, akaichukua karatasi kutoka mezani kwake, akajumlisha elfu nne na elfu kumi na moja, akagawa kwa mbili, akaandika frasila elfu saba na mia tano, akatia jina la Ambrosi Mabruki chini yake, akaipeleka. Hakuona ubaya wowote, kwa sababu kila mtu aliyekwenda shule angegawa kwa mbili. Lakini elfu saba na mia tano ilikuwa katikati kabisa ya mahali ambapo marehemu alisema hajui, ndiyo namba ambayo asingeiwekea hata konzi ya mchele, na ndiyo iliyokwenda ikiwa na jina lake.

Msimu ule ukanda ulitoa frasila elfu nne na mia mbili. Kambi zilikuwa zimejengwa za watu karibu mara mbili ya waliohitajika, watu walichukuliwa mjini kwa malori, wakawa wanachuma asubuhi na kulala mchana, chakula kilichotangulia kikaisha kabla ya wiki ya tatu, uchache wa karafuu haukuwapa cha kununulia kingine, na wengi walirudi kwa miguu na watoto migongoni. Ilisemwa kwamba aliyeandika namba ile ameandika makusudi ili kuharibu. Jumatatu tarehe 6 Novemba 1967 marehemu aliitwa kwa mahojiano, akakaa huko siku kumi na tisa. Aliulizwa kama namba ni yake, akasema si yake, akaulizwa ni ya nani, hakujibu.

Siku ya pili ya kuitwa kwake Machano alifika Kikwajuni, akakaa barazani bila ya kuvua kofia, akasema, "Bi Felista, ile namba nimeiandika mie." Felista akamwuliza kama ameshakwenda kusema. Akasema ana watoto sita. Felista akamwambia arudi nyumbani kwa watoto wake, kisha akarudi kwenye cherehani, kwa kuwa sare zilikuwa zinatakiwa Jumatatu.

Marehemu alirudi Jumamosi tarehe 25 Novemba, amepungua na amevaa shati lisilo lake, na mkewe alimwekea maji ya kuoga. Hakurudishwa kwenye makadirio. Alipewa kazi ya kuhesabu magunia katika bohari moja mjini, yanayoingia na yanayotoka, kazi yenye namba moja isiyokuwa na shaka, na aliifanya kwa miaka minne bila ya kukosea gunia hata moja na bila ya kuipenda hata siku moja. Machano aliendelea kuja jioni na marehemu aliendelea kumkaribisha kahawa, na jambo lile lilitajwa mara moja tu, marehemu alipomwambia, "Kama ulikuwa huna budi, ungechukua ya chini, Machano. Ya chini watu wangekula." Machano akasema, "Kweli, bwana," na wakaendelea na kahawa yao.

Ilipofika 1970 na mchele ukawa wa foleni, Felista alikuwa akimwuliza asubuhi kama leo duka litafunguliwa, na marehemu, hata kwa jambo hilo, alimpa namba mbili, katika siku kumi si chini ya mbili, si zaidi ya sita. "Mume wangu," Felista alimwambia, "mie nataka kujua nibebe kikapu au nisibebe." Marehemu akasema, "Beba. Kikapu kitupu hakikupunguzii kitu, na mchele bila ya kikapu utaubeba na nini?" Kwa hiyo isidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa kusitasita. Pale ambapo upande mmoja ulikuwa bora kwa vyovyote vile, alisema haraka na bila ya maneno mengi. Alinyamaza pale tu ambapo hapakuwa na upande wa namna hiyo.

Marehemu alianza kuugua mwezi wa Agosti 1971, akapoteza hamu ya chakula, akawa anaamka na maumivu chini ya mbavu, akatumia dawa za miti kutoka kwa watu mbalimbali na dawa za duka, na ilipofika Januari mwaka huu macho yakawa ya manjano na nguo zote zikawa kubwa kwake. Jumatatu tarehe 28 Februari alilazwa hospitali mjini. Daktari aliyemshughulikia alikuwa mgeni, hajui Kiswahili, na maneno yake yalipitia kwa muuguzi, Bi Shemsa, ambaye alitafsiri kwa subira na bila ya kupunguza.

Jumatano ya wiki iliyopita, tarehe 8 Machi, daktari alikaa kitandani kwa marehemu, Felista na Dada Modesta wakiwapo, akaeleza kwamba kuna uvimbe tumboni na kwamba anaweza kupasua. Marehemu akamwuliza, katika watu kumi walio kama yeye wakipasuliwa wangapi wanaondoka hospitali kwa miguu yao. Daktari alifikiri, akasema ameona wagonjwa kumi na mmoja tu wa namna hii katika maisha yake, nao hawakufanana, kwa hiyo hawezi kusema namba, lakini haamini kuwa ni chini ya wawili na haamini kuwa ni zaidi ya saba. Bi Shemsa alipomaliza kutafsiri marehemu alicheka, ikamwumiza, akasema, "Huyu ningefanya naye kazi." Akauliza, na asipopasuliwa? Daktari akasema haipungui miezi miwili, haizidi mwaka na nusu, na maumivu yake hawezi kuyakadiria.

Dada Modesta alisema pale pale kwamba hapana kisu, anaowajua yeye walioingia kisu hawakutoka, na Pasaka imekaribia, mtu aachwe aione Pasaka. Marehemu hakumpinga. Daktari alisema zamu yake ya kupasua ni Ijumaa, ikipita hiyo ni wiki mbili, na karatasi inahitaji sahihi ya mgonjwa au ya jamaa yake wa karibu ifikapo Alhamisi mchana.

Alhamisi asubuhi Felista alikwenda peke yake. Alimkuta marehemu ameshaandika nyuma ya karatasi ya joto lake, mabadilishano upande huu, mabadilishano upande ule, na chini hakuna kitu. Alimwambia, "Ambrosi, sema." Akajibu, "Nshasema." Felista akasema, "Umesema hujui." Akajibu, "Ndilo nnalolisema." Felista akamwambia kwamba hawezi kumpelekea daktari hujui, karatasi ina mahali pawili tu, ndiyo na hapana. Ndipo marehemu akamweleza jambo ambalo Felista hakulielewa siku ile na hana hakika kama amelielewa leo, kwamba isidhaniwe pande mbili zile kwake ni sawasawa, kwani zingekuwa sawasawa ungeongeza embe moja tu upande wowote na mizani ingelala, lakini yeye amejaribu kuongeza embe, ameongeza kapu zima, na bado haoni inalala wapi. "Sawasawa ni kujua," alisema. "Mie sijui."

Felista akamwuliza, kwa hiyo achague yeye? Marehemu akasema yeyote atakayechagua, na lolote atakalochagua, hatakuwa amekosea. Kisha akasema, "Wala hatakuwa amepatia," akageuza uso ukutani, kwa sababu maumivu yalikuwa yamerudi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho juu ya jambo hilo, na hakuna aliyeyasikia ila mkewe, kwa hiyo asiyeyaamini hawezi kulazimishwa.

Felista alitia sahihi saa saba mchana, mahali pa ndiyo. Sababu zake hazikuwa kubwa. Zamu ya daktari ilikuwa Ijumaa na iliyofuata ni mbali, Tekla alikuwa ameacha kulala tangu kabla baba yake hajalazwa, kwa kumsikia anaugulia chumba cha pili, na mwaka na nusu wa maumivu yasiyokadirika ulikuwa mrefu kwa mtu ambaye angekaa naye peke yake mchana kutwa. Hakuwa na sababu nzuri zaidi ya hizo na hatazitunga leo. Padri alimwambia baadaye kwamba Mungu anaijua namba. Inawezekana, lakini haikufika wodini Alhamisi ile.

Alipasuliwa Ijumaa tarehe 10 Machi asubuhi, kazi ikachukua saa nne. Jumamosi, siku aliyotimiza miaka arobaini na saba, aliamka, akaomba maji, akamwuliza Hilda kama amekwenda shule, akaambiwa leo Jumamosi, akasema aha. Felista alikaa karibu naye mpaka jioni. Marehemu hakusema kama ilifanywa vizuri au vibaya, na mkewe hakumwuliza, kwa kuwa alijua atajibiwa nini. Jumapili homa ilipanda, Jumatatu hakumtambua mtu, na Jumanne tarehe 14 Machi 1972, saa nne asubuhi, alifariki. Longini alipigiwa simu ya maandishi Dar es Salaam, akafika jana, baba yake akiwa ameshaoshwa na kuvishwa.

Dada Modesta anasema mdogo wake angeachwa angeiona Pasaka, na huenda ni kweli. Daktari anasema aliyoyakuta ndani yalikuwa yameharibika kuliko alivyodhani, na kwamba asingemaliza mwezi, na huenda hilo nalo ni kweli. Ulimwengu ambamo hakupasuliwa haupo tena, hakuna wa kwenda kuuhesabia matawi yake, na familia haitasimama mbele ya watu iseme namba moja ambayo haina. Lililo hakika ni kwamba sahihi ile si ya daktari, si ya Bi Shemsa, wala si ya marehemu, ni ya Felista, ameiandika kwa mkono wake akiwa na akili zake timamu, na mwenye neno juu yake amfuate Felista Kikwajuni, atamkuta kwenye cherehani. Watoto wasiulizwe.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu na dada mmoja.

Familia inamshukuru daktari, ambaye hakusema zaidi ya alichokijua, na Bi Shemsa, ambaye alilisema lote alilopewa kulitafsiri, na wauguzi wa wodi ile waliombadilisha mashuka siku tatu za homa bila ya kuitwa. Inawashukuru majirani wa Kikwajuni, Waislamu na Wakristo, walioleta mikeka, vyungu na kuni tangu Jumanne mchana, na Bwana Jaku aliyelisha watu maandazi asubuhi mbili akakataa kusikia habari ya malipo. Inawashukuru wafanyakazi wa bohari waliochimba kaburi hili katika jiwe gumu la Mbweni, na Bwana Machano, aliyebeba jeneza upande wa kichwa kutoka barabarani mpaka hapa na hakutaka kupokewa. Inamshukuru Dada Modesta, aliyembeba marehemu mgongoni alipokuwa mdogo, na anayoyasema sasa anayasema kwa uchungu na hakatazwi kuyasema. Waliotusaidia na hawakutajwa watusamehe, nyumba imechoka.

Pumzika kwa amani, Ambrosi. Hakuna tena atakayekutaka useme ni ngapi, na tuliobaki ndio tutakaoulizwa.